Singa ya Harusi

Kwenye ripoti ya chuo kikuu, ukurasa wa arobaini na moja, kuna sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba bawa la ndege lilibanduka kwa sababu ya uchafu ulioingizwa na kibarua asiye na mafunzo. Kibarua huyo asiye na mafunzo anaitwa Hilaria Lukasi. Alikuwa amechambua singa za mkonge kwa miaka ishirini na tisa kabla ya wenye ripoti kujua kwamba mkonge una singa. Mimi ni Salimu Kibwana, wakati huo karani wa ghala wa shamba la mkonge alikofanyia kazi, Korogwe, na ripoti nimeisoma yote kwa sababu siku hizi kuisoma ni sehemu ya kazi yangu. Kazi hiyo niliipataje, ndiyo nitakayoeleza hapa, na sitajipendelea.

Mama Yusta, ndivyo tulivyomwita kwa jina la binti yake, alizaliwa kwenye kambi za wafanyakazi upande wa Kwamndolwa. Babu yake aliletwa kutoka Kigoma enzi za manamba, akaahidiwa kwamba mkataba ukiisha atarudishwa kwao. Kaburi lake liko nyuma ya korona, kiwanda kinachokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, yaani singa. Baba yake, mzee Lukasi, alikata mkonge hadi mgongo ukagoma. Yeye mwenyewe aliingia chumba cha brashi akiwa msichana, kule ambako singa zilizokauka hupigwa brashi, huchambuliwa kwa madaraja na kufungwa marobota. Katika vizazi vyote vitatu hakuna aliyepewa barua ya ajira. Walikuwa vibarua. Jina la kibarua huandikwa asubuhi kwenye daftari la nyapara, na kesho yake huandikwa upya kama nyapara amependa. La Hilaria liliandikwa zaidi ya mara elfu nane, na halikukaa hata mara moja.

Kwa hiyo alichotaka duniani kilikuwa barua moja tu, yenye muhuri, inayosema Hilaria Lukasi ni mwajiriwa wa kudumu. Hakuficha. Nyumbani kwake kambini, pembeni ya picha ya Bikira Maria, aligongelea msumari ambao haukutundikwa kitu. Mgeni akiuliza, alijibu kwamba huo ni wa barua. Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini msumari aliufuta vumbi kila Jumamosi.

Kazi yake aliijua kiasi kwamba hata nyapara alinyamaza akimwona mezani. Singa nzuri na singa mbovu zinafanana machoni. Watu wa mkonge nao, kwa miaka ya miba na utomvu unaowasha, viganja vyao huwa vimekufa ganzi; ukiwawekea kaa la moto watafikiri kidogo kabla ya kulitupa. Mama Yusta alitumia mdomo. Alichomoa uzi mmoja kwenye fungu, akafumba macho, akaupitisha polepole juu ya mdomo wa chini, halafu akasema "huu mzima" au "huu umelala njaa". Uliolala njaa ni wa jani lililokomaa wakati wa kiangazi, na fungu lake alilitupa kushoto. Tulimtania kwamba ameubusu mkonge kuliko alivyombusu marehemu mume wake. Akasema mkonge haujawahi kurudi nyumbani umelewa.

Ndipo wakaja watu wa ndege. Dokta Dunstan Mdoe, mtaalamu wa malighafi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alikuja na mhandisi wa Kizungu wa kampuni inayounda ndege ndogo zisizo na rubani, zile za kupeleka damu na dawa kwenye zahanati za mbali. Kampuni ilikuwa na fedha, chuo kilikuwa na maabara, sisi tulikuwa na mkonge. Walitaka mabawa yatengenezwe kwa singa badala ya nyuzi za bei mbaya zinazoagizwa nje. Singa hupangwa tabaka juu ya tabaka, humiminiwa gundi, kisha huokwa kwenye tanuri mpaka zinakuwa kitu chepesi na kigumu. Wakifanikiwa, kiwanda cha mabawa kitajengwa Korogwe. Meneja wetu alivaa tai wiki nzima.

Dokta Dunstan alikuwa mtu mzuri, na hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu mtu mbaya ungemlaumu ukapumua. Alimwamkia mama Yusta shikamoo kila alipofika. Alikaa naye kwenye gunia. Mara moja alimletea nyuzi mia, kila mmoja na namba yake, mama Yusta akazipitisha mdomoni moja baada ya nyingine na kusema ipi nzima na ipi imelala njaa. Nyuzi zile zikaenda Dar kuvutwa na mashine mpaka zikatike. Mdomo na mashine vilikubaliana kwa nyuzi tisini na tatu. Dokta alirudi na matokeo anatetemeka kwa furaha, akampiga picha, mdomo na uzi, karibu kabisa. Tangu hapo haikukatwa singa ya majaribio bila mama Yusta kuigusa kwanza. Kwa miaka miwili dokta alikuja mwenyewe na glovu zake, akachukua mafungu aliyoyapitisha mama Yusta moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za kuanikia, akaondoka nayo. Kila jaribio lilifaulu.

Mwisho wa mwaka wa pili wakapanga siku ya kurusha ndege mbele ya wageni, Mkata, wilaya ya Handeni, nyumbani kwetu. Meneja alimwita mama Yusta ofisini, akafungua droo na kumwonyesha barua. Ilikuwa imeshapigwa chapa: Hilaria Lukasi, Msimamizi wa Uchambuzi, ajira ya kudumu. Ilisubiri sahihi ya kampuni, na sahihi ilisubiri ndege itue salama. Mama Yusta hakuigusa. Alisema mikono yake ina vumbi.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya chumba cha brashi, maana haimo kwenye kitabu chochote. Singa ya kawaida huondoka shambani ikiwa kavu kama ilivyo. Lakini ile inayokwenda kuonwa na wakubwa, ya maonesho ya Nane Nane au ya kumkaribisha waziri, wanawake waliiita singa ya harusi. Walipaka viganja mafuta ya nazi, kidogo tu, wakaisugua kutoka juu hadi chini mpaka ikang'aa. Walisema mwali hatoki kwao na ngozi iliyopauka. Wakati mwingine walipiga na kigelegele robota likipandishwa garini. Mama Yusta alifundishwa hivyo na waliomtangulia, naye akawafundisha waliomfuata, na singa ya harusi ya shamba letu haikuwahi kukosa zawadi kwenye maonesho.

Safari ile dokta alikuwa Dar akihangaika na wageni wake, hakuweza kuja. Alipiga simu. Alimwomba mama Yusta amchambulie kilo arobaini za bawa lenyewe, nzuri kuliko zote alizowahi kuchambua. Ndivyo alivyosema, na mama Yusta alirudia maneno hayo kwa kila mtu. Alifanya kazi siku nne. Mdomo wa chini ulichubuka. Siku ya tano alifika na kanga mpya na chupa ya mafuta ya nazi aliyonunua mwenyewe sokoni Korogwe.

Nilikuwepo. Pikapu ilikuwa inangoja nje na dereva anapiga honi. Meza yangu iko mlangoni mwa chumba cha brashi, na mama Yusta alikuwa ameweka chupa yake juu ya karatasi zangu zisipeperuke. Fomu ya kusafirisha ilikuwa na kurasa mbili za Kiingereza na visanduku vya kuweka tiki. Swali la sita liliuliza kama singa haina mafuta, grisi wala unyevu. Kiingereza hicho nakijua. Nina kidato cha nne na Kiingereza nilipata C. Lakini nilikuwa nimejaza fomu hizo miaka miwili, na kila mara ni tiki, tiki, tiki, sahihi. Niliinua chupa, nikaivuta fomu iliyokuwa chini yake, nikatiki vyote kumi na viwili.

"Wanauliza nini humo, mwanangu?" mama Yusta aliniuliza, viganja vinang'aa, amevishikilia mbali na kanga.

"Ya kawaida hayo, mama. Uzito, tarehe."

"Hakuna linalonihusu?"

"Hakuna, mama."

Akaenda kupiga kigelegele.

Mkata waliweka maturubai na viti vya plastiki kwenye uwanja ulio nje ya makazi. Walikuja wakubwa wa wilaya, walimu wa chuo, waandishi, na Wamasai waliosimama mbali na ng'ombe wao. Mama Yusta alikaa mstari wa pili. Ndege ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa kama watu wawili wamelala, rangi ya asali, unaziona singa ndani. Iliruka, ikazunguka mashamba ya mahindi, watu wakapiga makofi. Kwenye mzunguko wa pili bawa la kushoto likaanza kubanduka tabaka, ganda baada ya ganda, kama kitunguu. Ikayumba, ikashuka kwenye shamba la mihogo. Hakuumia mtu. Mzee mmoja wa kwetu aliuliza kwa sauti kama damu ya wagonjwa nayo ingemwagwa mihogoni, na turubai zima likacheka. Mama Yusta hakucheka. Aliuliza kama inaweza kutengenezwa.

Miezi miwili baadaye walirudi na jibu. Tulikuwa watano ofisini kwa meneja: meneja, Dokta Dunstan, mhandisi, mama Yusta na mimi. Mhandisi alieleza kwamba gundi haikushika singa, na haikushika kwa sababu singa ilikuwa na mafuta. Kiasi kidogo sana, lakini gundi na mafuta havikai nyumba moja. Aliamini mafuta yamevuja kwenye mitambo yetu ya korona. Kama shamba haliwezi kutunza mashine zake, alisema, kampuni itatafuta mkonge kwingine. Meneja alijifuta jasho. Watu mia tatu wanakula pale shambani.

Mama Yusta alifuatilia tafsiri mpaka mwisho. Kisha akasimama, kama mtu anayetoa ushahidi kanisani.

"Mashine hazina kosa. Mafuta nilipaka mimi."

Akawaeleza singa ya harusi, mwali na ngozi yake, zawadi za Nane Nane, yote. Dokta alikuwa anatafsiri na sauti yake inapungua. Alipomaliza alimwuliza kwa upole kwa nini hakuwahi kumwambia.

"Hukuniuliza, dokta. Miaka miwili umeniuliza mdomo. Mikono hukuiuliza."

Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Basi Mungu alimpenda sana siku ile. Kampuni ilikuwa na taratibu zake. Mhandisi alifungua faili akatoa fomu yangu. Alisema wao waliuliza. Swali la sita, hili hapa, na shamba limejibu hakuna mafuta. Aliiinua juu watu waione. Dirisha lilikuwa nyuma yake, na kwenye kona ya fomu niliona duara la kitako cha chupa, karatasi imelowa mafuta mpaka mwanga unapita. Hakuna mwingine aliyeliona. Mhandisi akauliza S. Kibwana ni nani.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Wanaosema uongo huwaponyoka mdomoni wananishangaza. Mimi nilimfikiria mke wangu Mwanaisha, aliyekuwa na siku kumi na moja tangu ajifungue, na nilifikiria ukarani wangu, na nikachagua maneno.

"Nilimuuliza kabla ya kutiki," nilisema. "Aliniambia hakuna."

Mama Yusta alinigeukia. Wiki iliyotangulia alikuwa amembeba mtoto wangu. Ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza, maana mama yake Mwanaisha alichelewa kufika kutoka Handeni. Aliniangalia kwa muda, si mrefu, kisha akaangalia fomu ile asiyoweza kuisoma.

"Kama karani amesema, basi ni hivyo," alisema, akaketi.

Hakufukuzwa. Kibarua hafukuzwi, kwani kufukuzwa kuna barua yake. Asubuhi iliyofuata jina lake halikuandikwa, na iliyofuata pia, na siku ya sita alielewa. Alifunga vyombo akaenda kwa binti yake, aliyeolewa huko milimani Kwashemshi. Kwenye nyumba yake ya kambini aliingia mkata mkonge mwingine. Nilipita mlangoni nikaona kwenye ule msumari ametundika kofia.

Wale wa ndege hawakuondoka. Mara hii walijua tatizo ni nini, na tatizo dogo la namna hiyo ndilo wasomi wanalolipenda. Bawa la pili halikubanduka. Kiwanda kikajengwa. Ile barua kwenye droo ikachapwa upya, maneno yale yale, jina tofauti, kwa sababu kampuni ilitaka mtu aliyeonyesha kwamba anafuata taratibu. Nilipoipeleka nyumbani Mwanaisha alilia kwa furaha na kusema Mungu amefungua mlango. Nikasema Alhamdulillahi. Nilijichukia kwa kusema vile na bado najichukia, lakini mshahara wa kwanza niliupokea, na wa pili, na leo ni mwaka wa tatu.

Kiwandani kwetu singa hupita kwenye mashine yenye kidole cha mpira laini kilichoundwa chuoni baada ya kupima picha za ule mdomo. Kinapata themanini na nane kwa mia. Ukutani kuna masharti, na la kwanza linasema mikono iwe mikavu. Dokta Dunstan sasa ni profesa.

Mwezi uliopita profesa alinipigia simu. Kuna maonesho makubwa ya teknolojia ya anga nje ya nchi, na wanataka kutundika ile picha ya mdomo na uzi, kubwa kama mlango. Chuo hakiruhusu picha ya mtu bila idhini yake. Angekuja mwenyewe, alisema, ila ana ratiba. Akanitumia fomu.

Njia nzima ya kupanda Kwashemshi nilipanga maneno ya kuomba radhi. Nilimkuta nje ya nyumba ya Yusta, mchana una ukungu, anasokota kamba ya mbuzi kwa mkonge wa uzio. Amekonda. Mdomo una kovu dogo upande wa kushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Salimu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakimbia sasa."

"Ashukuriwe Mungu. Yusta, mletee kaka yako chai."

Chai ikaja. Maneno niliyoyapanga hayakuja. Badala yake nilitoa bahasha, nikamwekea kalamu pembeni, nikasema kuna karatasi ya kutia sahihi.

"Inasema nini?" aliuliza, bila kuacha kusokota.

Nikamsomea. Nilisoma kila mstari, nikatafsiri kila neno, hata anuani ya chuo, hata namba ya ukurasa. Nilimweleza picha itaonyesha nini, kuanzia chini ya pua hadi kidevuni. Nilimweleza itakaa wapi na kwa siku ngapi, na kwamba anaweza kukataa bila kudhurika. Ilichukua muda mrefu, na chai ikapoa.

"Jina langu limo?"

"Halimo, mama. Wameandika mchambuaji wa mkonge, Korogwe."

Aliweka kamba chini. Alivuta kona ya kanga akafuta viganja, kimoja baada ya kingine, kama ana kitu cha kufuta. Kisha akanitazama vile vile alivyonitazama ofisini.

"Kumbe kusoma unajua, Salimu," alisema.

Hakupandisha sauti. Nilianza kusema mama, siku ile, akanyoosha mkono akanirudishia kalamu.

"Kunywa chai yako ushuke. Huku mvua ikianza, njia huwa mbaya."

Nikanywa ikiwa baridi, nikashuka. Ofisini Korogwe nilifungua ile fomu kuijaza sehemu inayonihusu mimi niliyetumwa. Mahali pa sahihi yake palikuwa peupe. Chini yake kuna kisanduku kinachouliza kama mhusika amesomewa fomu yote kwa lugha anayoielewa. Nililisoma swali mara mbili, kisha nikaweka tiki.